Aliyenitibu Hajawahi Kuniona

Alhamisi ile mtoto hakucheza tumboni. Nilikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, nafundisha Hisabati darasa la saba katika shule ya msingi huko Nainokanoka, juu milimani ndani ya hifadhi ya wanyama, na mtihani wa taifa ulikuwa wiki inayofuata. Likizo ya uzazi nilikuwa nimeomba ianze Jumatatu. Asubuhi nilihisi tumbo limetulia. Nikakumbuka wanawake walivyokuwa wakisema, kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia. Nikachukua chaki nikaenda kufundisha sehemu na desimali. Ijumaa nikafundisha tena.

Jumamosi alfajiri uchungu ulinishika. Mwalimu mkuu alitembea hadi kituo cha askari wa hifadhi kuomba gari kwa redio, maana simu za mkononi hazikuwa zimefika kwetu. Gari lilikuja saa nane mchana. Nilijifungua hospitalini Karatu siku hiyohiyo, mtoto wa kike, akiwa amekwisha kufariki. Alikuwa mtoto wetu wa kwanza baada ya miaka sita ya ndoa. Mume wangu Deo, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja hapo Karatu, alimzika kesho yake mimi nikiwa bado kitandani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Sasa mimi ni mzima. Naandika kwa sababu wanawake wawili watatu wameniuliza nilipona vipi, na jibu langu likisemwa kwa kifupi linaonekana kama mzaha: nilitibiwa na mama ambaye hajawahi kuniona, kwa barua za kwenye kompyuta.

Siku ya tatu baada ya kujifungua maziwa yalikuja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mwili haujui kilichotokea. Nesi alinifunga kitenge kifuani, akakikaza kwa nguvu, akasema yatakauka. Yalikauka baada ya siku tisa. Katika siku hizo nililala chumba kimoja na wanawake waliokuwa wakinyonyesha, na kila mtoto wao alipolia kitenge changu kililowa.

Nikahamia kwa Deo, chumba na sebule alichopanga Karatu karibu na kazini kwake. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Rombo na ndizi za mtori, akakaa wiki tatu. Alipika, alifua, alinikanda miguu. Sina la kumlaumu. Lakini kila nilipotokwa na machozi aliniambia, "Mwanangu, usilie hivyo, utafunga kizazi." Nikajifunza kulia chooni. Deo naye alitoka mapema na kurudi amechoka, na mazungumzo yetu yakawa ya mkaa na chumvi. Siku moja nilifungua kabati nikakuta nguo za mtoto hazimo. Sikumuuliza alizipeleka wapi, naye hakusema.

Mvua za vuli zilipoanza, mama mkwe akarudi kwake. Nilipaswa kuwa nimepona. Badala yake nilianza kuharibika. Chakula kilikuwa na ladha ya udongo. Sketi zangu nilizishikiza kwa pini. Nywele zilitoka na kitana kwa mafungu, hadi nikanyoa zote. Usingizi ulikuwa wa saa mbili, kisha macho makavu. Wakati mwingine, mchana kweupe, nilisikia mtoto analia nyuma ya nyumba, nikatoka nje, nikakuta kuku.

Nilikwenda hospitali mara nne. Benchi la wagonjwa wa nje lilikuwa kwenye veranda moja na benchi la kliniki ya wajawazito, kwa hiyo tulikaa tunatazamana, wao na matumbo yao, mimi na kadi yangu. Mara ya kwanza walipima malaria. Mara ya pili homa ya matumbo. Mara ya tatu walinipa dawa za vidonda vya tumbo. Mara ya nne daktari alikaa muda mrefu kidogo, akaniuliza maswali ambayo hayakuhusu tumbo, kisha akasema nina ugonjwa unaoitwa sonona. Akaniandikia vidonge vya kumeza kila siku. Akasema vidonge ni nusu ya dawa, nusu nyingine ni kuzungumza na mtu aliyesomea kazi hiyo, na mtu wa namna hiyo hapa hayupo.

"Yupo wapi?" nikamuuliza.

"Moshi labda. Dar wapo."

Kwenda Dar kila wiki kutoka Karatu ni jambo ambalo hata yeye alilisema akiangalia dirishani.

Nesi mmoja wa makamo alinifuata nje. Alikuwa amewahi kwenda semina ya ushauri nasaha, na mwalimu wake alikuwa mama mmoja wa Dar aitwaye Bi. Mwajuma. Aliniandikia anwani nyuma ya kipande cha boksi la dawa.

"Huyu anapokea watu kwa barua pepe," alisema. "Wanamwandikia kutoka mikoani, walimu, manesi, hata wanajeshi. Mwandikie."

"Nimwandikie nini?"

"Anza na salamu, Mwalimu. Mengine yatakuja yenyewe."

Barabara kuu ya Karatu ilikuwa na duka la Mama Paskalina, mjane wa Kiiraqw aliyeuza madaftari, akitoa na fotokopi. Nyuma ya duka aliweka kompyuta mbili, na juu ya bati dishi kubwa lililoelekea mawinguni. Wateja wake wengi walikuwa watalii na madereva wao. Kati ya kompyuta moja na nyingine alisimamisha ubao mwembamba ili mtu asisome ya mwenzake. Nilimwambia nataka kujifunza. Alinionyesha jinsi ya kufungua anwani yangu, akaniachia, akarudi kwenye fotokopi. Ukurasa mmoja ulichukua muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu. Jina langu ni Anna. Mimi ni mwalimu. Mtoto wangu alifariki mwezi wa tisa na siwezi kulala.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Bi. Mwajuma hakunipa pole nyingi. Alisema atanijibu kila wiki siku ya Jumanne, nisikose kunywa vidonge vya daktari, na kwamba nitakayoandika atayasoma yeye peke yake. Kisha akaandika: "Mimi niko mbali, Anna. Ukinihitaji haraka siwezi kukufikia. Nitajie mtu mmoja aliye karibu nawe, ambaye ukizidiwa utakwenda kwake kwa miguu yako. Umweleze leo kwamba umemchagua."

Kwa Karatu nilimtaja yule nesi. Kwa Nainokanoka, ambako nilipaswa kurudi likizo ikiisha, nilimtaja Mama Saning'o.

Mama Saning'o alikuwa jirani yangu, Mmaasai, boma lake likiwa ng'ambo ya uwanja wa shule. Niliporudi mwezi wa kwanza alikuja na kibuyu cha maziwa, akatazama kichwa changu kilichonyolewa, hakuuliza. Nilimweleza habari ya mama wa kwenye kompyuta na sharti lake.

"Ukiumwa moyo unakuja kwangu," alisema. "Hata kama mimi nakamua, unakuja tu."

"Ndiyo."

"Basi. Mwambie nimekubali."

Tangu hapo maisha yangu yalihesabika kwa Jumamosi. Kila baada ya wiki mbili nilipanda gari lolote lililoteremka: lori la mahindi, au gari la watalii lililotoka kutazama ziwa la Empakaai na lenye dereva mwenye huruma. Nililala kwa Deo. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa Mama Paskalina, nikisoma barua mbili zilizonisubiri na kujibu. Nilikuwa nachapa kwa vidole viwili. Naamini polepole hiyo ilinisaidia. Mdomo wangu ulikuwa umezoea kusema "sijambo" kabla sijafikiri, lakini vidole havikuwa na mazoea hayo.

Watu huuliza kwa nini si mchungaji, kwa nini si dada zangu. Mchungaji wetu alikuwa mtu mwema, lakini ningemweleza Jumatano, Jumapili ningeombewa kwa jina mbele ya usharika. Dada zangu wangelia, na mimi ningeanza kazi ya kuwabembeleza. Bi. Mwajuma hakuwa na uso. Nilipoandika jambo baya sikuona mtu akishtuka. Barua zake nilizitoa kwa printa nikazisoma tena Nainokanoka kwenye baridi, mara tano, mara kumi. Maneno ya daktari yalikuwa yananitoka kabla sijafika getini, lakini haya nilikuwa nayo mkononi.

Alinipa kazi ndogondogo. Kula kabla ya saa tatu asubuhi hata kama ni nusu ya chapati. Kutembea hadi kisimani na kurudi. Kuandika kila siku jambo moja nililoona, si nililohisi. Niliandika: ng'ombe mweupe amezaa. Ukungu umeondoka saa nne. Mwanafunzi mmoja amegawanya kwa sifuri akashangaa.

Mwezi wa tatu nilimwandikia habari ya Alhamisi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, wala daktari, wala Deo. Niliandika kwamba mtoto alitulia Alhamisi na mimi nikaenda kufundisha, kwamba gari lingeweza kuja Ijumaa, kwamba nimemuua mtoto wangu kwa ajili ya desimali. Nilituma haraka kabla sijafuta, nikatoka nje, nikatapika nyuma ya duka. Mama Paskalina alinimwagia maji mikononi. "Malaria hiyo," alisema, nami nikaitikia.

Nilitegemea aniambie si kosa langu. Wote wangesema hivyo. Yeye aliandika: "Sitakuambia hukukosea, kwa sababu hutaniamini. Nijibu tu maswali haya. Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele, ulijua nini?"

Nilijibu: nilijua mtoto ametulia.

"Nani alikuwa amekuambia kwamba mtoto kutulia ni hatari?"

Hakuna.

"Uliambiwa nini kuhusu mtoto kutulia?"

Kwamba ni dalili njema.

"Anayekuhukumu wewe ni Anna wa leo, anayejua. Aliyechukua chaki ni Anna wa Alhamisi, asiyejua. Mwandikie huyo barua. Usinitumie mimi. Mwandikie yeye."

Barua hiyo ilinichukua wiki tatu. Yaliyomo ni yangu. Ninyi nawaambia jambo moja tu, ambalo sasa nalijua: mtoto akipunguza kucheza tumboni, nenda hospitali siku hiyohiyo, na kama hakuna gari tuma mtu kwa miguu saa hiyohiyo. Mtihani utafanyika hata usipokuwepo.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Radi iliharibu dishi la Mama Paskalina na barabara ya juu ikageuka tope. Jumamosi mbili zilipita bila barua, kisha ya tatu. Vidonge navyo viliisha na sikuwa na njia ya kufuata vingine. Nilianza kurudi nyuma. Nilisikia tena kilio nyuma ya nyumba. Asubuhi moja badala ya kwenda darasani nilishika barabara ya ukingoni mwa kreta, lile bonde kubwa la volkano, nikatembea muda mrefu kwenye ukungu, hadi mahali barabara inapopinda na chini hakuonekani kitu. Nilisimama pale. Sitaeleza nilichokuwa nafikiri, mwenye ugonjwa huu anakijua. Nilikuwa nimelowa, na nilikuwa mtulivu kabisa, na utulivu huo ndio ulionitisha. Nikakumbuka sharti: kwa miguu yako. Niligeuka.

Nilifika kwa Mama Saning'o mchana. Alikuwa anasugua vibuyu kwa kijinga cha moto. Nilisema tu, "Nimekuja." Aliweka kibuyu chini, akanivua sweta lililolowa, akanifunika shuka lake, akanikalisha karibu na moto katikati ya mbuzi wachanga. Aliendelea na kazi yake upande ule mwingine wa moto, akinitazama kila mara kama mtu anayeangalia sufuria. Nililala kwa muda wa saa kumi na moja mfululizo. Nilipoamka mwanawe mkubwa alikuwa amekwisha kumpata mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuita gari kwa redio.

Karatu daktari alinirudishia vidonge na kuongeza kimoja. Dishi lilikuwa limepona. Kulikuwa na barua tatu kutoka kwa Bi. Mwajuma, ya tatu fupi: "Sijakusikia. Niko hapa."

Nilimweleza yote, hata ile kona. Akajibu siku ileile bila kusubiri Jumanne. Alinishukuru kwa kugeuka. Kisha akaandika jambo ambalo sikulipenda: "Umenieleza mimi. Umemweleza Mama Saning'o. Mume wako anajua nini?"

Deo hakujua kitu. Alijua kwamba mke wake ananyoa nywele na kuteremka Karatu kutumia kompyuta. Baadaye aliniambia alikuwa amehisi nina mtu. Niliposikia nilicheka, kicheko changu cha kwanza mwaka ule, kisha nikaona hakucheka.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi kali, nilimwomba twende wote. Alikuja na koti lake la kazini. Nilifungua barua ya Alhamisi, ile niliyoiandika mwezi wa tatu, nikampisha kiti. Alisoma polepole. Nilisimama nyuma yake nikitazama shingo yake. Alipomaliza hakugeuka.

"Ulikuwa na hili muda wote?" alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani unanilaumu mimi. Kwamba nilikuwa huku napika mayai ya wazungu, wewe uko kule peke yako."

"Sijawahi kuwaza hivyo, Deo."

Nikaona anasogeza mikono kwenye kibodi. Deo si mtu wa kuandika, hata orodha ya sokoni huishika kichwani. Alitafuta herufi moja moja. Niliinama nikasoma zikitokea.

Alikuwa na nywele nyingi. Kidevu chako. Vidole virefu. Nilimfunika na zile nguo zote, hata zile za miezi sita, kwa sababu asubuhi ile ilikuwa baridi.

Hakuweza kuyasema kwa mdomo mwaka mzima karibu, na hata pale hakuyasema. Alimaliza, akainuka, akaenda kusimama mlangoni. Mama Paskalina aliacha mashine yake ya fotokopi, akatuletea chai bila kuuliza, akageuza kibao cha mlangoni upande wa "Tumefunga". Tulikaa mle hadi saa saba. Nilimuuliza Deo kila kitu: rangi, macho, nani alichimba, mahali gani hasa. Alijibu yote. Siku iliyofuata alinipeleka makaburini kwa mara ya kwanza.

Sikupona siku hiyo. Niliendelea kuandika kila baada ya wiki mbili hadi vuli, kisha mara moja kwa mwezi. Vidonge niliviacha taratibu, chini ya daktari, mvua za masika zilizofuata zilipoisha. Nywele ziliota na mvi chache mbele. Mama mkwe alipokuja tena nilimwambia kwamba nikilia nisikatazwe. Alinuna siku mbili, kisha usiku wa tatu tukiosha vyombo akanieleza kwamba naye alizika watoto wawili kabla ya Deo, na yeye pia alikatazwa kulia.

Nimeulizwa kama njia hii inatosha peke yake. Kwangu isingetosha. Bila daktari na vidonge vyake, bila moto wa Mama Saning'o, barua zisingenishika pale kwenye ile kona. Na kompyuta hufa, radi hupiga. Lakini mtu aliyesomea kuniuliza maswali yale hakuwepo kilomita yoyote ambayo ningeweza kuitembea, na barua zilimfikisha Nainokanoka. Kama uko mahali kama pale, na unaona haya, na benchi la hospitali linatazamana na watu usiotaka kuwaona, uliza kama kuna anwani ya kuandikia. Anza na salamu.

Kuna jambo la mwisho. Nilipomwambia Mama Saning'o kwamba Bi. Mwajuma sasa ananiandikia mara moja kwa mwezi tu, alichezea shanga za mkononi.

"Huyo mama anajua Kimaasai?" aliuliza.

"Hajui."

"Mimi Kiswahili changu ni cha sokoni."

"Kinatosha."

"Na kusoma sijui."

"Nitakusomea mimi. Hakuna mwingine atakayesikia."

Alisimama akafunga mlango wa nyumba yangu, akarudi, akakaa mezani mahali wanafunzi hukaa nikiwasahihishia.

"Andika kwanza namsalimia," alisema. "Muulize watoto wake hawajambo, ng'ombe wake hawajambo."

Nikaandika kwenye daftari, nije niyachape Karatu. Alisubiri hadi kalamu ikasimama. Kisha akaanza na yule mtoto wa kwanza aliyemzika.